Asilimia 87 ya Nini? Nax, Tudai Macho ya Kuona Ndani ya Betri

Ukienda kununua simu iliyotumika hapa Nakuru, swali la kwanza siku hizi si kamera, si rangi. Ni "betri iko asilimia ngapi?" Muuzaji anafungua mipangilio, anakuonyesha 87, mnaongea bei. Ikiwa 74 unaanza kuvuta chini. Hiyo namba imekuwa kama cheti cha daktari.

Sasa wasee, niulize tu: asilimia 87 ya nini? Nani aliangalia?

Hakuna aliyeangalia. Hiyo namba ni hesabu. Programu ndani ya simu inafuatilia umeme unaoingia na unaotoka, inalinganisha na vile betri ilikuwa ikiwa mpya, kisha inakadiria. Ni kama daktari akwambie mapafu yako yako sawa kwa sababu umepanda ngazi bila kuhema. Huenda ni kweli. Lakini picha hajapiga.

Hoja yangu leo ni moja. Kwenye biashara ya betri, anayeona ndani ndiye anaamua bei. Ndiye anaamua nani wa kulaumiwa. Ndiye anaamua kama hiyo betri bado ni mali ama ni takataka. Sisi huku Bonde la Ufa tuna umeme, tuna wateja, tuna mafundi, na nitawaonyesha kwamba hata udongo tunao. Kitu hatuna ni macho. Na mimi nasema tuyadai.

Ndani kuna nini?

Chukua ile betri ya duara inayoitwa 18650, ile iko kwenye tochi na kwenye betri nyingi za kompyuta. Jina lake ni saizi yake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ndani kuna karatasi ndefu zimeviringwa pamoja, vile mtu huviringa chapati kabla ya kuisukuma mara ya pili. Karatasi moja ni shaba iliyopakwa grafiti. Hiyo ni anodi. Nyingine ni alumini iliyopakwa unga wenye lithiamu. Hiyo ni kathodi. Hizo mbili ndizo zinaitwa elektrodi. Katikati yake kuna utando wa plastiki wenye vitundu vidogo sana, na kila kitu kimelowa kimiminika.

Ukichaji, lithiamu inatoka kathodi inaenda kujipanga ndani ya grafiti. Ukitumia simu, inarudi. Ndio hivyo tu. Kwenda na kurudi, kama matatu za Nakuru na Njoro.

Lakini kila safari inaacha alama. Chembe za ule unga huvimba na kunywea, mwishowe zinapasuka. Rangi inabanduka kutoka kwa karatasi. Na ukichaji haraka kupita kiasi, ama betri ikiwa baridi sana, lithiamu inakosa nafasi ya kuingia kwenye grafiti, inaganda juu yake. Wakati mwingine inaota miiba. Ule utando wa plastiki mara nyingi una unene wa mikromita 10 hadi 25 hivi, na unywele wa kichwa chako ni kama 70. Mwiba ukitoboa hapo, pande mbili zinagusana. Hapo ndipo moto unaanzia.

Sasa fikiria betri mbili, zote zinasoma asilimia 80. Moja imezeeka polepole kama guka wa watu, kila mahali sawasawa, na bado ina miaka yake. Nyingine imeanza kuota miiba kwenye kona moja. Namba ni ile ile. Betri si ile ile.

Macho yenyewe

Kuna njia kadhaa za kuona ndani, na si zote ni za watu wenye pesa za mafuta.

Ya kwanza ni eksirei ya kawaida, kitu Wilhelm Röntgen aligundua mwaka 1895. Kwa betri, inaonyesha kama zile karatasi zimeviringwa sawa, kama kuna mahali pamepinda, kama kuna kipande cha chuma kimepotelea ndani.

Ya pili ni skani ya CT. Badala ya picha moja, unazungusha betri na kupiga picha nyingi, halafu kompyuta inazijumlisha kuwa umbo kamili. Unaweza kuikata betri kwenye skrini, tabaka kwa tabaka, na yenyewe bado ni nzima. Na msinidanganye eti hii ni sayansi ya watu wengine. Hesabu inayowezesha CT ilifanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuishughulikia mwaka 1956 akiwa Cape Town, akifanya kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur. Mwaka 1979 alipewa Nobel ya tiba pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Hayo macho, hesabu yake ilianzia hapa Afrika.

Ya tatu ni hadubini ya elektroni. Hii inataka ufungue betri, na si kwa bisibisi ya jua kali: inafunguliwa ndani ya kasha maalum lisilo na unyevu. Kipande cha elektrodi kinaingizwa mahali pasipo na hewa, elektroni zinapita juu yake, na unaona vitu vinavyokaribia sehemu moja ya milioni ya milimita. Hapo ndipo unaona nyufa za chembe moja moja.

Ya nne ni nyutroni. Lithiamu ni nyepesi sana, kwa hivyo eksirei haiioni vizuri. Nyutroni zinaiona. Lakini hiyo inataka mtambo mkubwa wa nyuklia au wa kurusha chembe, kwa hivyo tuiache hapo.

Halafu kuna mkubwa wao, sinkrotroni. Ni pete kubwa kama uwanja wa mpira ama zaidi, elektroni zinazungushwa karibu na kasi ya nuru na kutoa eksirei kali ajabu. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na watu wa chuo cha UCL cha London walitumia ile ya Grenoble, Ufaransa, kurekodi betri za 18650 zikilipuka, kutoka ndani. Si moshi wa nje. Walionyesha zile karatasi zikiporomoka na shaba ikiyeyuka. Dunia ina sinkrotroni zaidi ya hamsini. Afrika haina hata moja. Kila bara lingine linaloishi watu linayo. Kuna wanasayansi Waafrika wanaopigania hiyo kitu kupitia mradi unaoitwa African Light Source, na wanafaa kujulikana kama wachezaji wa mpira.

Na kuna moja ya bei nafuu ambayo watu husahau: ultrasaundi. Ndiyo, kama ile ya kina mama kliniki. Sauti hupita vizuri kwenye betri nzima, lakini haipiti kwenye gesi. Betri ikianza kutoa gesi ndani ama kukauka sehemu, doa linaonekana kabla hata haijavimba.

Hii kitu inaamua kesi

Mnakumbuka Samsung Galaxy Note 7? Mwaka 2016 zilianza kushika moto. Zikarudishwa, zikatolewa zingine zenye betri za kampuni tofauti, nazo zikashika moto. Simu ikafutwa kabisa.

Januari 2017 Samsung ilitoa majibu. Ilikuwa imejaribu zaidi ya simu 200,000 na betri 30,000. Kwenye betri za kampuni ya kwanza, kona ya elektrodi hasi ilikuwa imepinda. Kwenye betri za kampuni ya pili, kulikuwa na vichuma vilivyobaki vya kulehemu upande chanya, vikitoboa kwenda upande wa pili. Makosa mawili tofauti, moto mmoja. Bila kuangalia ndani, watu wangeendelea kubishana tu kama ni chaja ama ni mteja. Baada ya hapo kampuni ikatangaza ukaguzi wa hatua nane, na eksirei ikawa moja yao.

Sasa lete hiyo stori kwa steji.

Bodaboda za umeme zimeingia Kenya kwa kasi. Tangu 2023 kuna bei maalum ya umeme ya kuchajia magari na pikipiki. Nyingi zinaendeshwa kwa mtindo wa kubadilisha betri, zingine mtu ananunua na betri yake kwa mkopo. Tuseme wewe ni mtu wa boda wa Pipeline. Betri ilikuwa inakupeleka kilomita 70, sasa inakata kwa 45. Unaenda kulalamika. Unaambiwa umeibebea mzigo mzito, ama umeichaji vibaya, ama uliiangusha. Wao wana kompyuta yenye namba. Wewe una mdomo. Nani atashinda hiyo kesi?

Sisemi kampuni zote ni wezi. Nasema pale ambapo upande mmoja una ushahidi na mwingine una maneno, hakuna haki, kuna bahati. Picha moja ya eksirei ingemaliza ubishi. Betri iliyoanguka ina alama zake. Betri iliyoviringwa vibaya kiwandani ina alama zake. Hazifanani.

Na betri ikifa inaenda wapi? Pakiti ya pikipiki ina seli nyingi ndani, na mara nyingi "imekufa" maana yake ni chache ndizo zimekufa. Zilizobaki zinaweza kuwasha taa za nyumba kwa miaka. Lakini ni zipi? Fundi akibahatisha, anaweza kuweka seli yenye miiba kwenye chumba cha mtoto. Akiogopa, anatupa zote, na zinaishia Gioto, ambapo kuna watu wanaokota takataka kwa mikono mitupu.

Tusisahau Owino Uhuru, Mombasa. Pale kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri za zamani za risasi, na risasi ikaingia kwenye damu ya majirani, watoto wakiwemo. Phyllis Omido alipigana miaka, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Najua hizo ni betri za aina nyingine. Lakini funzo ni lile lile: biashara ya betri ikifanywa gizani, bili inalipwa na jirani.

Halafu kuna Kariandusi

Hii ndiyo sehemu inaniuma zaidi.

Ukitoka Gilgil ukielekea Nakuru, karibu na Elmenteita, kuna mahali panaitwa Kariandusi. Wengi tulipelekwa trip ya shule kuona mashoka ya mawe ya watu wa kale. Lakini pale pembeni kuna machimbo ya udongo mweupe, mwepesi kama unga. Huo ni diatomaiti. Ni maganda ya viumbe vidogo vya majini, diatomu, vilivyoishi kwenye ziwa la kale. Maganda yao ni silika, yamejaa vitundu vilivyopangwa kwa mistari kama vile mtu alitoboa na sindano. Tumeuchimba kwa miongo mingi kwa kazi kama kuchuja vinywaji.

Mwaka 2016, watafiti wa chuo cha California, Riverside, walichukua diatomaiti, wakaibadilisha kuwa silikoni yenye vitundu kwa kuichoma na magnesi, na wakaitumia kutengeneza anodi ya betri ya lithiamu. Kwa nini wanahangaika? Kwa sababu gramu moja ya silikoni inaweza kubeba karibu mara kumi ya lithiamu inayobebwa na gramu ya grafiti. Shida yake ni kwamba ikijaa lithiamu inavimba hadi mara tatu, mara nne ya ujazo wake, na kupasuka. Vile vitundu vinaipa nafasi ya kuvimbia.

Na unajuaje kama inapasuka ama haipasuki? Unapiga picha. Hadubini ya elektroni kabla ya kuchaji, hadubini baada ya kuchaji mara mia. Kazi yote ya elektrodi mpya ni hiyo: tengeneza, tumia, angalia, rekebisha.

Sisemi udongo wa Kariandusi unafaa kwa betri. Kila udongo una uchafu wake, na uchafu unaweza kuharibu kila kitu. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua kwa macho haya ya Mungu. Na siku mgeni atakuja na gari, achukue magunia mawili, aende nayo kwao kwenye hadubini, halafu arudi na mkataba mkononi, yeye atakuwa anajua thamani na sisi tutakuwa tunajua uzito. Hivyo ndivyo tumeuza kila kitu. Kobalti nyingi zaidi duniani inatoka Kongo, jirani yetu. Grafiti iko Mahenge, Tanzania. Elektrodi za dunia zinachimbwa mtaani kwetu, zinaangaliwa kwingine.

Najua mtasema nini

Mtasema hospitali zina foleni ya CT scan na mimi nataka skani ya betri. Sawa. Mgonjwa atangulie, na sitaki mashine ya hospitali iguswe. Lakini mashine ya kukagua vitu si ile ya watu, na haifanyi kazi ya betri peke yake. Inakagua mabomba na valvu za mvuke kule Olkaria, inakagua miamba, mbegu, hata mifupa ya kale. Moja ya pamoja inaweza kuhudumia kaunti nzima.

Mtasema mashine zitaletwa zifunikwe na vumbi. Hapo mna haki kabisa. Mwaka 2015 serikali ilianza kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote, na baadaye ikasemwa waziwazi hata kwenye Seneti kwamba vingine vimekaa bure kwa kukosa umeme, maji ama watu wa kuviendesha. Kwa hivyo tuanze na watu. Tuanze na kidogo: ultrasaundi na eksirei ndogo, iliyopewa leseni na mamlaka ya nyuklia kama sheria inavyotaka. Wakiweza hizo, tuongeze.

Mtasema tutume sampuli ng'ambo. Kwa utafiti wa miaka mitatu, sawa. Lakini betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kwenye ndege, na mtu wa boda anataka jibu Jumanne.

Ninachodai

Moja. Kampuni yoyote inayokuja Naivasha kufuata umeme wa mvuke ili iunganishe betri, iweke maabara ya picha, na mlango wake uwe wazi siku fulani kwa wanafunzi wa Egerton, wa vyuo vya ufundi, na kwa mafundi wetu. Olkaria imekuwa ikitoa umeme tangu 1981. Mvuke ni wetu, tuna haki ya kuitisha kitu zaidi ya kazi ya kufunga skrubu.

Mbili. Mkataba wa boda ya umeme useme hivi: ukidai mteja ameharibu betri, leta picha, na mtu asiye upande wowote aisome. Huna picha, huna kesi.

Tatu. Udongo wa Kariandusi usitoke kama madini ya betri kabla sisi wenyewe hatujauangalia. Sheria ya taka ya 2022 tayari inamwambia mwenye kuleta bidhaa abebe mzigo wake mpaka mwisho. Basi na mwenye kuchukua malighafi atuonyeshe anachokiona.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Tumepata taa, mabango na jina. Msimu wa kura ukifika watu watakuja Afraha na ahadi za kiwanda cha betri, na tutapiga makofi. Kabla ya makofi, mtu mmoja ainue mkono aulize: hicho kiwanda kitakuwa na hadubini, na nani kati yetu ataruhusiwa kuchungulia?